Nyenje Aliyefyeka Uwanja Wake

Paukwa!

Pakawa! Pakawa mto, na kando ya mto matete, na ndani ya matete kelele.

Hapo zamani za kale, Nyenje alikuwa na shimo zuri ukingoni mwa mto, katikati ya matete. Akaletewa habari: wakwe wanakuja kumposa binti yake wa pekee. Nyenje akafurahi, kisha akahangaika. "Watanionaje, naishi porini?"

Akamwita Ndezi, yule panya mkubwa mla matete. "Bwana Ndezi, nifyekee uwanja."

Ndezi akafyeka safu ya kwanza. Jirani wa bondeni, Bibi Kereng'ende, akasema, "Mwanangu, hayo matete ndiyo mlango wako. Maji hubisha hodi hapo."

"Bibi, wewe hupendi usafi," Nyenje akajibu.

Ndezi akafyeka safu ya pili. Bibi akasema yale yale. Nyenje akajibu yale yale, kwa sauti zaidi.

Safu ya tatu Ndezi hakutumwa. Alikuwa ameshanogewa. Uwanja ukabaki mweupe, na Nyenje akaufagia mara tatu.

Siku ya posa mvua ikanyesha milimani, mto ukafurika. Kwa Nyenje maji hayakubisha hodi. Yaliingia, yakabeba mkeka, chungu cha pilau, binti na baba yake.

Njiani wakawapita wakwe, wanakuja kwa ukingo wa juu.

"Karibuni, karibuni," Nyenje akasema huku akienda na maji. "Nyumbani ni huko nyuma. Nakuja sasa hivi."

Mshenga akamnong'oneza mwenzake, "Mkwe ana haraka."

Mara mkono wa binti ukamponyoka. Nyenje akasahau adabu, akalia kwa uchungu. Majuto ni mjukuu, na yeye alikuwa karibu kumkosa hata mkwe.

Lakini maji yakafika kwenye matete ya Bibi Kereng'ende. Yakajipenyeza huku na huku, yakachoka, yakapita polepole. Watoto wa Bibi walikuwa wameng'ang'ania mashina, hakupotea hata mmoja. Na pale katikati yao, amelowa chapachapa, alikuwa binti Nyenje.

Nyenje naye akanasa hapo hapo; wakwe wakarudi kuwafuata, na posa ikafanyika juu ya tete.

"Mnataka mahari gani?" mshenga akauliza.

"Mizizi ya matete," Nyenje akasema. "Tuipande leo leo."

Ndezi naye alialikwa. Akaketishwa mbali na mahari.

Basi wenzangu, msikidharau kichaka kinachowakinga kwa kuwaogopa wageni. Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye panga mkononi alirudishe ndani.