Meza Sita, Viti Vinane

Wapendwa, kulikuwa na binti mmoja, Anande, wa kwanza kwao kufika chuo kikuu. Akafanya mtihani wa hesabu wenye swali hili: fundi ana mbao na muda wa kiasi fulani; atengeneze meza ngapi na viti vingapi apate faida kubwa kuliko zote? Anande akaandika meza sita, viti vinane. Profesa akamkosesha. Jibu lake yeye lilikuwa meza nane, viti vinne.

Kwa swali hilo moja Anande akafeli. Na alikuwa anarudia mwaka, kwa hiyo kufeli kulikuwa kufukuzwa.

Akasimama darasani. "Profesa, samahani. Faida ya meza moja ni sawa na ya viti viwili. Ukipiga hesabu, jibu lako na langu yanatoa faida ileile. Na mbao na muda vinatosha."

"Jibu ni moja, binti. Ningekosea mimi, mngelalamika wengi. Haya, nani mwingine aliandika hivyo?"

Kumi na mmoja walikuwa wameandika hivyo, na hakuna aliyenyosha mkono! Mmoja alikaa pembeni yake, kijana aliyemwambia asubuhi ileile, "Nenda dada, tuko nyuma yako." Sasa akainamia daftari. Yeye alikuwa amefaulu hata bila swali hilo; ajitafutie ubaya na profesa wa nini?

Anande akawatazama mmoja mmoja. Akasema, "Asante, Profesa," akatoka.

Baada ya wiki tano mwalimu wa chuo kingine akaja kukagua mitihani, akaona majibu yote mawili ni sahihi. Wote wakaongezewa alama, hata Anande. Wakampigia, simu haipatikani. Wakawapigia wazazi. Mama yake akauliza, "Kwani hayuko huko chuoni?"

Hajaonekana mpaka leo.

Mnamlaumu yule kijana? Mlaumuni. Ndiye huyu anayewahubiria.

Nimeomba msamaha kwa Mungu miaka kumi na saba, na naamini amenisamehe. Lakini mama yule bado anaulizia mtoto wake. Sisi tunapenda kuungama yaliyopita. Je, hili la wiki hii? Humu ndani kuna mtu anaonewa, na ukweli wake tunaujua, tumenyamaza tu. Ibada ikiisha, usipite mlangoni kunisalimia. Nenda kwake, angali anapatikana.