Bi Sange na Benki ya Punje Moja

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi ambazo wanyama walifunga milango yao kwa komeo na kuanika nguo uani, aliishi mjane mmoja aitwaye Bi Sange. Sange mnamjua? Ni mnyama mdogo, hazidi ngumi ya baba yenu, mwenye miguu ya mbio na pua ndefu inayochezacheza kama mkonga wa kitoto.

Mumewe alichukuliwa na mafuriko. Watoto wao walikuwa wameshahamia ng'ambo ya mto, na mto ule haukuwa na daraja. Basi akabaki peke yake. Akipika uji, anapika wa mmoja. Akicheka, kicheko kinagonga ukuta na kumrudia mwenyewe. Siku nyingine ilipita nzima bila kinywa chake kufunguka, ila kwa kula.

Neno aliloambiwa mara nyingi ni moja: "Anayefuata!"

Hilo alilisikia dirishani, kwenye benki ya Ndovu. Siku hizo mali ilikuwa mtama, na benki ilikuwa nyumba ya mawe ya kuuhifadhi usiliwe na dumuzi mpaka kiangazi. Ada ilikuwa konzi moja kwa kila anayeweka. Lakini konzi hiyo Ndovu aliipima kwa mkonga wake! Kwa Nyati mwenye magunia, mkonga mmoja si kitu. Kwa Bi Sange mwenye kifuko kimoja, mkonga ukiingia, fyuuu! Nusu imekwenda.

"Mzee Ndovu, nionee huruma," alisema Bi Sange.

"Ada ni ada," alijibu Ndovu bila kumtazama. "Anayefuata!"

Mwaka ule Ngiri akafungua benki mpya ndani ya shimo, chini ya kilima. Akapita nyumba kwa nyumba kuinadi.

"Hodi hapa!"

"Karibu," akajibu Bi Sange, sauti yake kavu kwa kukaa bila kutumika.

"Umeamkaje, dada yangu Sange?"

Bi Sange akashika mwimo wa mlango. Dada! Tangu lini?

Ngiri akaketi. Akanywa uji, akausifu. Akauliza habari za watoto, akauliza hata jina la marehemu. Kisha akasema, "Dada, Ndovu anakumaliza. Kwangu ada ni punje moja. Moja tu!"

"Na nikitaka kuuona mtama wangu?"

"Aa, dada! Shimoni mgeni haingii. Ndio usalama wenyewe huo."

Kesho yake akaja tena, na keshokutwa. "Kongoni kahama. Nyumbu kahama. Kanga na wanawe wote wamehama. Wewe unangoja nini?"

Bi Sange alitaka kuhama, wanangu. Si kwa sababu ya ada tu. Alijua kwamba akikataa, hodi ile haitasikika tena. Lakini kila Ngiri alipoondoka, swali lilibaki limekaa pale kwenye kigoda chake: punje moja, punje moja, Ngiri na mkewe wanashiba nini?

Akawaza, akapata njia. Ataingia kifukoni mwenyewe, apelekwe benki kama mtama!

Ila nani ampeleke? Hapo ndipo alipokaa chini, akahisi nyumba yote imekuwa kubwa. Alipitisha macho katika kijiji kizima, asione hata mmoja wa kumbebesha.

Mwishowe akaenda kwa Kobe, jirani yake. Hawakuwa wamegombana. Kobe alikuja msibani, akakosa la kusema, akaondoka. Na tangu hapo kila mmoja alimwonea mwenzake haya.

"Jirani," akasema Bi Sange, "nibebe."

"Nikubebe? Unaumwa?"

"Siumwi. Nifunge kifukoni, unipeleke kwa Ngiri. Sema ni mtama wangu. Kisha ungoje mlangoni."

Kobe akakuna shingo. "Na akikula?"

"Ngiri hali nyama. Ninachotaka kujua ni anakula nini."

Kobe akafikiri weee! Halafu akainamisha gamba. "Panda."

Bi Sange akapanda, akajitia kifukoni, Kobe akakifunga kwa mdomo. Wakaenda, taratibu, taratibu. Mbele ya benki ya Ngiri kulikuwa na foleni. Ilipofika zamu ya Kobe, akasema, "Mtama wa Bi Sange."

"Ahaa! Dada yetu kakubali!" Ngiri akakidaka kifuko, akakitupa ndani. Pu!

Bi Sange akauma ulimi asipige kelele. Akachungulia katika tundu la kifuko. Magunia yamepangwa mpaka juu. Lakini huko nyuma, lo! Mama Ngiri alikuwa amefungua gunia, anatafuna, kacha-kacha-kacha. Akishatoa mtama, anajaza udongo, anafunga tena vizuri.

Ngiri akaingia, naye akatia mtama kinywani. "Ule haraka, mke wangu. Nyati akishaleta gunia lake la mwisho, tunahama. Kiangazi kikiwakuta, watachota udongo."

"Na hiki kidogo cha nani?"

"Cha yule mjane. Nimekunywa uji wake chapwa mpaka nimechoka! Mjane hana gharama, ukimwita dada tu basi."

Mle kifukoni, Bi Sange alifumba macho. Chozi lilimtoka likateremka pua yake yote ndefu. Kisha akalipangusa, akavuta pumzi.

Ngiri alipokishika kifuko akifungue, sauti nzito ikatoka: "Uuusiniguse, Ngiri!"

Ngiri akaruka nyuma. "Nani huyo?"

"Sisi mtama! Wenyewe wametutuma tusikilize. Tumeyasikia yote."

"Yarabi! Magunia yanasema!" Mama Ngiri akapiga ukelele.

"Na wenzetu mliowala nao wamesikia," ikaendelea sauti. "Sasa hivi wataanza kusema humo tumboni."

Sasa, Ngiri alikuwa ameshiba kupita kiasi, na hofu ilimkoroga. Tumbo likanguruma: ngruuu, ngruuu!

"Wanasema! Mama wee, wanasema!"

Wakatoka mbio, parapara-parapara, mikia imesimama wima, wakiipita foleni. "Tusameheni! Uambieni mtama wenu unyamaze!" Wakakatiza mbugani, hata leo hawajarudi.

Bi Sange akatoka kifukoni, akawaeleza wenzake aliyoyaona. Wakaingia, wakafungua magunia. Nusu mtama, nusu udongo. Kanga akaketi chini akalia. Kongoni akabaki akichota udongo na kuumwaga, akichota na kuumwaga.

Wakabeba kilichobaki, wakarudi kwa Ndovu. Naye alikuwa mlangoni, ghala lake tupu linapiga mwangwi nyuma yake.

"Mmerudi?" akacheka. "Haya, ada ni konzi moja." Akanyoosha mkonga.

"Ngoja, Mzee," akasema Bi Sange. "Konzi ni nini?"

"Swali gani hilo? Konzi ni mkono ukiufumba."

"Vizuri. Basi tuonyeshe mkono wako."

Ndovu akatazama mguu wake wa kulia. Akatazama wa kushoto. Wanyama wakaanza kuchekelea.

"Huo mkonga ni pua, Mzee. Ada yako haikusema pua moja. Mwenye vidole vya kufumba hapa ni mimi." Akauinua mkono wake, mdogo kama ua la mchicha. "Konzi ni hii. Ukikubali, ghala lako limejaa leo. Ukikataa, tunarudi na mizigo yetu."

Ndovu akatazama magunia. Akatazama ghala tupu. Masikio yakalegea. "Pima," akasema.

Bi Sange akapima, wa Kongoni, wa Nyumbu, wa Kanga. Mwishowe akaleta wa kwake kutoka nyumbani, akaupima pia. Kila mmoja akasema, "Ahsante, Bi Sange," akashika njia ya kwake, maana kila mmoja alikuwa na watoto wanaomngoja. Uwanja ukawa mtupu, vumbi likatua.

Bi Sange akasimama pale. Nyumbani kulikuwa hakuna hodi tena, si ya kweli, si ya uongo.

"Mimi bado nipo," ikasema sauti chini ya ukuta. Alikuwa Kobe. "Ulisema ningoje mlangoni. Sikujua mlango upi, nikangoja yote."

Bi Sange akatazama pembeni kidogo. "Jirani, umekula?"

"Sijala."

Wakashika njia. Na Bi Sange, ambaye tangu azaliwe hajui kutembea polepole, siku ile alitembea polepole.

Nanyi, wanangu, anayekuita ndugu ili umpe mali yako, mwambie kwanza akuonyeshe anapoiweka.