Mashine Mpya ya Bwana Fisi

Haya, sogeeni, na mwenye kusinzia akasinzie kwao. Mwaka ule mvua iligoma kabisa. Mto ukabaki mchanga, wanyama hawana shamba la kulima wala majani ya kugombea. Basi wote wakajazana kibandani kwa Fisi kucheza gemu la mpira kwenye televisheni. Sheria moja tu: anayefungwa anatoka, na kila anayeingia aje na mfupa.

Mashine yenyewe kuukuu, jamani. Haiwaki mpaka uizabe makofi matatu ubavu wa kushoto. Ila ikishawaka, mpira unachezeka mpaka unasahau njaa.

Mwenye matata alikuwa Simba. Kobe alimfunga mabao tisa, Kobe ambaye hata vidole vyenyewe vya kuhesabu hana. Simba na fahari yake hakukubali kwamba kafungwa. Akasema mashine ndiyo mbovu, ya kizazi cha zamani, na mfalme hatakanyaga tena pale mpaka iletwe ya kizazi kipya.

Fisi akashikwa na homa. Simba akisusa, wote watasusa, na mifupa kwaheri. Hapo ndipo Sungura akachomoza, sauti ya asali. Akasema anajua pa kuipata hiyo mpya, picha zake zinang'aa mpaka unasikia harufu ya nyasi za uwanjani. Fisi atoe ile kuukuu leo, na siku mpya itakapowaka, atoe lile kapu la nyama kavu.

Kapu lile sasa! Ndicho chakula pekee cha watoto wa Fisi mpaka mvua inyeshe. Mkewe akauliza.

"Baba watoto, hii ya zamani imekataa kucheza?"

"Mambo ya kisasa huyajui, mke wangu. Ile ni kizazi kipya."

"Na wanao ni kizazi gani, kisichokula?"

Lakini Fisi alishaota mifupa mingi, mate yanamchuruzika mpaka kifuani. Mashine akaitoa.

Siku ya nne Sungura karudi na dubwana jeusi linameta, limefunikwa kitenge kama bibi harusi. Msitu mzima ukaja, Simba kiti cha mbele. Sungura akachomeka waya, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya. Kapu liko pale mlangoni limeshashushwa, Simba kaanza kunguruma, na jasho linamtoka Sungura mpaka masikioni. Akajisahau. Mkono ukaenda wenyewe: pa, pa, pa, ubavu wa kushoto.

Mashine ikawaka.

Bi Fisi akaja na tambara bichi la jikoni, akapangusa. Masizi na mafuta ya nazi yakatoka, na chini yake likaonekana kovu la birika la moto alilolitua juu ya mashine mwaka juzi.

"Shemeji Sungura," akasema taratibu, "hiki kizazi kipya kimezaliwa na kovu?"

Akabeba kapu lake, akarudi jikoni. Wanyama walicheka mpaka Kobe akapinduka, ikabidi ainuliwe.

Tangu siku hiyo Sungura alikalishwa ubavuni mwa mashine, kazi yake kuizaba makofi, zamu ya kucheza hana. Simba akafungwa na Kobe mabao kumi na moja, akatoka kimyakimya. Na Fisi, kila akisikia habari ya kitu kipya, humtazama mkewe kwanza.

Kipya kinyemi kingawa kidonda.