Lavenda za Namsifu

Mlisikia jana msibani mkacheka: lavenda haifi kwa kiu, hufa kwa huruma. Si ya kucheka hiyo, wajukuu zangu. Kaeni, na wewe Mbonea zima hiyo redio, niwaambie ilikotoka.

Hapa hapa Upareni alikuwepo mjane mmoja, Nanzia. Binti yake wa pekee, Namsifu, alipanda lavenda mbele ya nyumba, kwenye changarawe ambako hata maharage yalishindwa. Ni vichaka vifupi, majani ya kijivu, maua ya zambarau, na harufu yake hung'ang'ania nguo. Maua yakiisha, Namsifu alipunguza matawi mabichi, basi. Maji alizipa kwa nadra. Kisha homa ikamchukua. Jamani, iliuma.

Nanzia akasema, "Mwanangu hakuniachia mjukuu. Kaniachia maua haya. Yakifa, nitabaki na nini?"

Majirani wakasikia. Mnatujua watu wa hapa, haendi mtu kwa mfiwa mikono mitupu. Kila aliyekuja alizimwagia lavenda ndoo ya maji, mwingine akaleta samadi. Naye Nanzia hakuachwa aguse kitu. Akishika jembe, mdogo wake Eliwaza anampokonya: "Pumzika, dada." Akitaka kupika, "Pumzika." Matanga yakaisha, bado anapumzishwa. Akakonda, chakula hakishuki.

Lavenda nazo zikanyauka. Wakaongeza maji!

Asubuhi moja Nanzia akavuta kichaka, kikang'oka bila ubishi. Mizizi ilikuwa myeusi, imeoza, inanuka. Eliwaza akaja mbio na ndoo.

"Iweke chini."

"Dada, zina kiu."

"Kiu gani? Tazama! Mmeziua kwa kuzihurumia." Akaangua kilio. "Na mimi mnaniua hivyo hivyo. Tangu tumzike mwanangu sijagusa udongo. Nakaa tu na kifo chake, kutwa nzima. Nipe jembe langu, Eliwaza."

Eliwaza akampa, machozi yakimtoka.

Nanzia akachimba mfereji, akaondoa samadi, akarudisha changarawe. Vichaka vingi vilikuwa vimeshakufa, siwadanganyi. Kimoja kilikuwa na matawi mabichi. Akakata vipandikizi, akavichomeka mchangani. Majirani walipofika na ndoo zao aliwakaribisha waketi wazungumze, maji wakayarudisha kwao. Jioni ile alikula makande hadi akakomba sahani.

Basi mkimkuta mfiwa ameshika jembe, msimpokonye. Chukueni lenu mlime naye. Lavenda haifi kwa kiu, hufa kwa huruma.