Gari la Mama Jackie na Mafundi Wake

Jumatano hiyo asubuhi, Rachael Musimbi alisimama kando ya reli katika mtaa wa Laini Saba, mikono kiunoni, akimtazama fundi Wanzala. Wanzala naye alikuwa akiitazama injini. Alikuwa amechuchumaa mbele ya kigari kilichofunuliwa boneti, jicho moja amelifumba, uzi wa katani ameunyoosha kati ya vidole vyake. Alipima, akafunga fundo, akapima tena. Tangu saa mbili hadi saa nne hakuwa amegusa spana hata moja.

"Wanzala, unalitengeneza gari ama unaliombea?" Rachael aliuliza.

"Napima, Mama Jackie."

"Si jana ulipima?"

"Jana nilipima upande huu."

Rachael alivuta pumzi hadi mabega yakapanda. Kigari hicho aliachiwa na kaka yake, Brandon, alipokwenda kufanya kazi Uarabuni. Kilikuwa kidogo, kifupi nyuma kama kuku aliyenyofolewa mkia, lakini kilimtosha. Kisha injini ikachemka siku moja barabarani, ikapasuka. Injini nyingine ya aina ile ikawa adimu kama maziwa ya kuku. Ndipo Wanzala alipopata injini ya gari la kampuni nyingine kabisa, ikiwa pamoja na giaboksi yake. Alisema itaingia, mradi apewe wiki mbili, zilizokuwa zikiisha Jumapili hii, na asiharakishwe. Rachael alikubali kwa ulimi, moyo ukakataa.

Haraka yake ilikuwa na sababu. Binti yake, Jackie, alikuwa na umri wa miaka tisa na miguu yake haikuwahi kupata nguvu ya kumbeba. Baada ya kungoja miaka miwili, alikuwa amepata nafasi katika shule ya watoto wenye ulemavu kule Kawangware. Sharti lilikuwa moja. Jumatatu hii ya kufungua shule, mzazi afike na mtoto kabla ya saa tatu, na aonyeshe gari litakalomleta kila siku, kwa maana shule haikuwa na basi. Matatu hazikuwa za kutegemewa. Makondakta wakiona kiti cha magurudumu hugeuza uso kana kwamba wameona polisi. Asiyefika, nafasi yake angepewa mwingine.

Wanzala aliinuka, akajipangusa mikono. "Naenda Kawangware kutafuta ekseli. Injini isiguswe."

Hakuwa amevuka reli vizuri wakati Derrick, kijana aliyechomelea madirisha katika kibanda cha pili, alipojisogeza.

"Niaje, Mama Jackie? Naona mgonjwa bado yuko wodini."

"Derrick, usinichokoze leo."

"Sikuchokozi, mathe. Kwani imebaki nini? Vyuma vya kushikilia injini? Hiyo ni kazi ya lisaa limoja! Wanzala ni fundi, sikatai, lakini yule hata chai anakunywa kwa kupima."

Rachael alicheka bila kutaka. "Wewe utaweza?"

"Nimechomelea geti la kanisa, nishindwe na kigari?"

Basi Derrick akashusha miwani yake myeusi. Aliiweka injini katikati kwa kukisia tu, ili ipendeze, na cheche zikaruka. Kufikia adhuhuri injini ilikuwa imesimama imara kama mkuu wa kituo. Rachael alifurahi kama mtoto aliyevishwa nguo ya Krismasi.

Alasiri Wanzala alirudi na ekseli begani. Aliziweka chini, akaunyoosha uzi wake juu ya injini, akapima mara mbili.

"Nani ameshika hapa?"

"Derrick amekusaidia."

"Imeenda kushoto vidole vitatu. Giaboksi haitaingia." Akachukua grinda aanze kukata.

Damu ilimpanda Rachael hadi utosini. "Unabomoa kilichojengwa! Wanzala, kesho ni Alhamisi!"

"Kikikaa hivyo, hata Alhamisi ya mwaka ujao gari haliendi."

Rachael hakungoja kusikia zaidi. Alitoa simu akampigia Kihara, mwenye gareji katika mtaa wa Kongo kule Kawangware, ambaye wanawake wenzake wa chama cha akiba walimsifu sana. Kihara alikuja kesho yake akiwa amevaa ovaroli safi, tumbo likimtangulia na ulimi ukilipita tumbo. Alilizunguka gari mara mbili.

"Haya maajabu ni ya nani?"

Derrick alitazama reli. Wanzala alitazama uzi wake.

"Sikia, mama," Kihara alisema. "Usikate chochote. Hiyo giaboksi mpya ndiyo inaleta shida, tupa kando. Rudisha ile ya zamani, inalijua gari. Mimi nitaunda bamba la chuma la kuziunganisha. Jumapili utakuwa unapiga honi."

Wanzala aliinuka upesi, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. "Hapana. Hii injini na giaboksi yake hazitenganishwi. Hii huzunguka..."

"Kwani wewe ndiwe kasisi uliyezifungisha ndoa?" Kihara alimkata.

Watu wote waliokuwa kibandani wakaangua kicheko, Derrick akiwashinda wote kwa sauti. Wanzala akafunga mdomo kama mtu afungavyo kioski. Aliuviringisha uzi wake taratibu.

"Mama Jackie, chagua fundi mmoja. Si lazima niwe mimi. Lakini awe mmoja."

"Mimi nataka gari, Wanzala. Sitaki mahubiri."

Wanzala alivuka reli akaenda kutengeneza kinu cha posho upande wa pili.

Siku mbili zilizofuata zilikuwa vita. Kihara aliamuru hivi, akarudi Kongo. Derrick akafanya vile. Kihara alitaka bamba lipandishwe, Derrick akalishusha. Rachael naye, ambaye wiki moja nyuma hakujua hata injini hufungwa kwa nini, alianza kutoa amri: "Kaza hapo! Legeza pale! Mbona huo waya unaning'inia?" Hata muuza mahindi choma alisimama akatoa maoni kuhusu bomba la moshi, na maoni yake yakafuatwa. Stata ya zamani ilipokataa kuiwasha injini, Kihara alifunga ile iliyokuja na injini, wala hakujiuliza kwa nini ya kwanza ilikataa.

Jumapili, watu walipotoka kanisani, walikusanyika. Jackie alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu akiwa na gauni lake la manjano. Kihara aliingia, akazungusha ufunguo. Injini ikanguruma! Wanawake wakapiga vigelegele, na Rachael akajikuta akimkumbatia jirani ambaye hawakuwa wamesemezana tangu Pasaka.

Kihara aliingiza gia ya kwanza, akaachilia klachi. Gari likaruka kinyumenyume na kuyaparamia madirisha ya Derrick yaliyokuwa yameegemezwa ukutani.

"Wewe, buda! Umeweka rivasi!" Derrick alipiga kelele.

"Hii ni namba moja!"

"Basi weka mbili!"

Kihara akaweka mbili. Gari likarudi nyuma kwa kasi zaidi, watu wakatawanyika kama panzi.

"Gari linarudi kijijini, ushago!" mtu mmoja alifoka, na kicheko kikaenea hadi ng'ambo ya reli.

Jackie alimvuta mamake nguo. "Mama, kwa hilo gari, si tutakuwa tukifika shule jana yake?"

Wanzala alikuwa amesimama pembeni, Biblia kwapani. Hakucheka. "Injini hii huzunguka kinyume na ile ya kwanza," alisema. "Giaboksi yake inajua hivyo. Hiyo ya zamani haijui. Sasa mna gia tano za kurudi nyuma na moja ya kwenda mbele."

"Na mbona hukusema?" Rachael alinguruma kuliko injini.

"Nilianza kusema."

Kihara hakuona haya. Kabla ya kuondoka alimshauri Rachael atumie gia ya rivasi, itamfikisha Kawangware polepole. Na kwa kuwa mfa maji haachi kutapatapa, Rachael alijaribu. Jumatatu saa kumi na mbili na nusu alimketisha Jackie kiti cha nyuma, akaingiza rivasi, gari likaanza kwenda mbele. Injini ilipiga mayowe kama nguruwe anayechinjwa, lakini mkokoteni wa maji uliwapita, na mwenye mkokoteni akawapungia mkono. Kabla hawajaiona barabara kubwa, harufu ya klachi inayoungua ilijaa, kitu kikapasuka chini kwa kishindo, na gari likanyamaza.

Rachael alishuka, akaubamiza mlango. Kisha akaufungua ili aubamize tena. Alipomaliza, alikiacha kiti cha magurudumu garini, kwa kuwa kisingepita kwenye mashimo ya njia ile, akamfunga Jackie mgongoni kwa leso, miguu ya mtoto ikining'inia hadi magotini mwake, akaanza kutembea kuelekea Kawangware.

Walifika jua likiwa kali. Mwalimu Nyawira, aliyewapokea langoni, aliwapa maji kwanza.

"Mama, gari liko wapi?"

"Liko njiani, mwalimu."

"Kweli liko njiani," Jackie alisema. "Limekwama hapo."

Mwalimu alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likafifia. "Tuliwangoja hadi saa tatu. Sasa inakaribia saa tano. Mwaka jana nilipokea watoto wawili kwa ahadi ya gari. Walikuja wiki moja wakapotea, na nafasi zao zikakaa bure mwaka mzima. Nafasi ya Jackie imechukuliwa na mtoto wa hapa Kongo. Muhula ujao, mkija na gari linalotembea, jina lake litakuwa la kwanza."

Jackie, aliyekuwa na jibu kwa kila jambo, aligeuza uso. Alitazama tu mteremko laini wa saruji uliojengwa mbele ya madarasa kwa ajili ya viti vya magurudumu. Njia nzima ya kurudi hakusema neno, na kimya hicho kilimlemea Rachael kuliko mwili wa mtoto.

Laini Saba alikuta gari limesukumwa na vijana hadi kibandani. Kihara alikuwa amekuja kuchukua vifaa vyake, na Derrick alikuwa amemzuia.

"Nilipe madirisha yangu!"

"Wewe ndiwe uliyeweka injini kombo!"

"Na wewe ndiwe uliyetupa giaboksi!"

"Nyamazeni!" Rachael alipaza sauti. "Mmeniharibia! Nyote wawili! Mtoto wangu amenyimwa nafasi kwa sababu yenu! Nani aliwapa ruhusa ya kuvuruga kazi ya mtu mwingine?"

Derrick alikuna kichwa, akasema kwa sauti ya chini, bila kebehi safari hii, "Mathe, si ni wewe ulituita?"

Rachael alihesabu kimoyomoyo. Derrick aliombwa na yeye. Kihara alipigiwa simu na yeye. Na yule wa tatu, aliyekuwa akianza kusema jambo lenye maana, aliambiwa na yeye kwamba mahubiri hayatakiwi.

"Nendeni," alisema hatimaye.

Walipoondoka alivuka reli hadi kwenye kinu cha posho, Jackie bado yuko mgongoni. Wanzala alikuwa mweupe kwa unga hadi kwenye nyusi.

"Itachukua muda gani?"

"Wiki tatu. Nitaanza kwa kukata."

Wiki tatu! Maneno yalimjaa Rachael mdomoni, makali kama pilipili. Jackie aliinamisha kichwa sikioni mwake, akamnong'oneza, "Mama, usiseme kitu." Rachael akayameza yote.

"Sawa, fundi," alisema.

Muhula huo wote Jackie aliumaliza mlangoni mwa chumba chao katika mtaa wa Lindi, jirani na Laini Saba, akiwatazama watoto wengine wakipita na mikoba. Na kila jirani aliyeuliza kwa nini mtoto hayuko shuleni, Rachael alimjibu bila kuzunguka na bila kumtaja fundi yeyote: manahodha wengi, chombo huenda mrama.