Nani Amwite Tumbusi?

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo. Hadithi hii nimekuja nayo nusu. Nusu iliyobaki mnayo nyinyi.

Katika milima ya Utaita, chini ya jabali lililozoea kuamka na ukungu, walikuwapo watu watatu. Mwadime alijaliwa mikono iliyoshika mwamba kama mjusi ashikavyo ukuta. Mama Mkamburi, mfugaji, alijaliwa moyo wa kusamehe, tena bila kuombwa. Na Wakesho, binti mshonaji, alijaliwa ukimya. Angeweza kushinda gulioni asitoe neno, na watu wakarudi kwao wakisema leo wamezungumza naye vizuri sana.

Zamani tumbusi walijaa juu ya jabali lile. Watu waliwacheka upara wao, na hakuna aliyewapa asante kwa kusafisha mizoga. Kisha ikaingia tabia mbaya: simba akiua ng'ombe, mwenyewe hutia mzoga sumu, ili simba akirudi afe. Simba mjanja, harudi. Walioshuka ni tumbusi, na walipokwisha, bonde lilibaki na inzi na harufu. Mtu hajui thamani ya alichonacho mpaka kimtoke.

Asubuhi moja Mwadime alisikia mlio mwembamba kutoka juu. Kulikuwa na kinda, yatima, wa mwisho. Alipanda palepale alipoanguka marehemu baba yake, mwamba ukiteleza kwa umande, akashuka na kinda kifuani.

"Shika," alimwambia Wakesho. "Mimi kulea siwezi."

Wanakijiji waliguna. Waliwahi kulea kinda mwingine kwa mapenzi na nyimbo, akawa mtu kabisa: akawafuata jikoni, akaota moto pamoja na paka, na kuruka hakuruka mpaka alipokufa. Wakesho hakusahau. Alishona kichwa cha tumbusi kwa blanketi kuukuu, akakitia mdomo wa pembe, akakivaa mkononi. Akajenga kizimba ukingoni mwa jabali, akakaa nyuma ya pazia la magunia, akalisha kwa mkono ule bila neno wala wimbo. Hata kikohozi alikimeza.

Msimu mzima ulipita hivyo, kama usingizi wa mchana. Ukungu uliingia na kutoka. Kinda alizoea kulalia kile kichwa cha blanketi, na Wakesho alisikia joto lake vidoleni, machozi yakimtoka kimyakimya. Alimpenda mno. Mara nyingine alisinzia akaota ana mbawa, na huko ndotoni jina la kinda lilimjia. Alipoamka lilikuwa lingali kooni.

Kiangazi kilipokaza, nyama ikakosekana, kinda akaanza kulegea. Wakati huohuo simba akamuua mtamba wa pekee wa Mama Mkamburi. Jirani akaja mbio na sumu.

"Tia, mama! Utamwacha hivihivi?"

"Nimemlilia mtamba wangu, nimemaliza," alijibu. "Yule kizimbani anahitaji nyama safi."

Akaichanja, akaianika, akawa anaipandisha jabalini kila asubuhi kwa magoti yake mabovu. Kinda akainuka.

Sasa, kwao mtoto hapewi jina mpaka asimame mwenyewe. Siku hiyo huitwa kwa sauti, mara moja, na mtu mmoja tu: yule aliyemfikisha hapo. Asipoitwa, husemwa, hana linalomrudisha nyumbani. Akiitwa na wawili, hajui arudi kwa nani.

Siku kizimba kilipofunguliwa, tumbusi alitoka akasimama ukingoni. Asiporudi huyu, jabali litabaki tupu milele.

"Nitamwita mimi," alisema Mwadime. "Nisingepanda, angekufa kwenye kiota."

"Ukamshusha afe kwa njaa?" aliuliza Mama Mkamburi. "Nyama ile ilikuwa mtamba wangu, mwanangu. Na sumu ilikuwa mlangoni."

Wakamgeukia Wakesho wote wawili. Jina lilikuwa limefika ulimini.

"Nimemlea na hanijui," alinong'ona. "Niacheni nimwite mara moja tu."

"Binti yangu," alisema Mama Mkamburi kwa upole, "ukimya wako ndio uliomfanya awe tumbusi. Je, leo akisikia sauti ya mtu, akageuka akakufuata jikoni?"

Wakesho alikitazama kile kichwa cha blanketi mapajani mwake. Hilo hakuwa amelifikiria.

Ukungu ukapasuka. Tumbusi akakunjua mbawa, upepo ukaingia chini yake, na miguu ikaanza kuachana na mwamba. Watu watatu wamefungua vinywa, na jina ni moja.

Mimi naishia hapa. Semeni upesi, maana ndege hangoji: ungekuwa wewe, ungemruhusu nani amwite?