Kiboko Ahamia Mlimani

Hapo kale, watoto, wanyama walipokuwa na baraza la mji na wakubwa wa kuwasumbua wadogo, alikuwako panya buku mmoja akiitwa Bi Mashavu. Aliishi bondeni, karibu na mto, katika kibanda cha mabua na bati kuukuu. Humo ndimo alimozalia wanawe wote, na alikipenda kwelikweli.

Siku moja akasikia mlangoni, chwaa! chwaa! Kutoka nje, anamkuta Mheshimiwa Kiboko, diwani, akiupaka mlango alama nyekundu ya kubomolewa. Vibanda vya majirani vilikwisha kupakwa.

"Shikamoo, Mheshimiwa. Kulikoni?"

"Marahaba. Vibanda vyenu vinautia mji aibu! Hapa nataka bustani ya kupumzikia. Ninyi mtahamia nyumba mpya kule mlimani. Nzuri ajabu!"

"Umeziona?"

"Mimi? Nipande mlima na tumbo hili? Nimeambiwa!"

Basi Bi Mashavu akapanda mwenyewe. Lo! Maji hakuna hata tone. Upepo vuuu! Vumbi tupu. Akaketi chini akalia, na ninyi msimcheke. Alipokwisha kulia akapangusa macho, akawaza, kisha akateremka huku akipiga vigelegele.

"Mheshimiwa, Mungu akuzidishie! Kila nyumba ina bwawa sebuleni! Tope lake laini kama uji! Mwite Kifaru abomoe leo hii, mimi nahama!"

Kiboko akameza mate, gudu! "Bwawa? Sebuleni?"

"Tena la kujigaragaza!"

"Ngoja, ngoja. Vijitu vidogo kama ninyi si mtazama mfe? Hapana, siwezi kuwaacha mfe. Nyumba hizo nitakaa mimi na ndugu zangu."

"Ee! Lakini amri ni yako mwenyewe, Mheshimiwa. Hapewi ufunguo ila aliyebomolewa."

"Hilo tu?"

Kiboko akazifuta alama zote za bondeni kwa mgongo wake mpana, akaenda mbio kulipaka nyekundu jumba lake la mawe.

Kifaru, dereva wa tingatinga la baraza, hakuwa na mazoea ya kuuliza. Akiona nyekundu, anasukuma. Gwaraaa! Jumba likalala chini.

Kiboko akachukua ufunguo, akapanda mlima, hee! hee! Jioni hiyohiyo akarudi bondeni, ngozi imepasuka, macho yamejaa vumbi.

"Wee Buku! Umenidanganya! Hakuna bwawa! Hakuna hata kata moja ya maji!"

"Ala! Na sisi ulitaka tukanywe nini huko?"

Bonde zima likaangua kicheko. Bi Mashavu alimwonea huruma kidogo, kidogo tu, akamwonyesha mto.

"Lala humo, mzee wangu. Sisi hatumfukuzi mtu."

Basi, watoto, anayetaka kuwahamisha wenzake na akalale yeye kwanza huko anakowapeleka.